Pesa Imefika, Mwenyewe Hajaja

Nch! Hebu nyinyi mnaolalia pikipiki hapa steji ya Wote, Makueni, mkingoja abiria, nambieni: mazishi ya mwisho mliyohudhuria, kaburi lilichimbwa na nani? Msiniambie "vijana". Vijana gani? Wale wa kukodi. Walikuja na bei yao, wakataka nusu kabla ya kushika sururu na nusu shimo likifika mabegani, na mhazini wa kamati akawatumia hapohapo kwa simu. Watoto wa marehemu wako Nairobi, mpwa yuko Doha, na jirani ambaye ua lake linagusana na la marehemu yuko dukani kwake anaandika "poleni sana" kwenye grupu la WhatsApp, na vile viganja viwili vya manjano vya kuomba. Ametuma shilingi 500. Jina lake limesomwa. Basi, huyo amezika.

Mimi sina kesi na simu. Wanaolia kwamba simu imeharibu watu ndio haohao ukiwaazima chaja huioni tena. Neno langu ni moja tu: simu imemheshimisha asiyekuja. Zamani mtu asipofika aliulizwa sababu. Siku hizi anaulizwa kama meseji ya M-Pesa imeingia.

Na hapa Ukambani, jamani, hapa ndipo inapouma, kwa sababu sisi nchi hii tuliitengeneza kwa kufika. Angalia kilima chochote kuanzia Mbooni mpaka Kilungu. Yale matuta ya fanya juu, ambayo unachimba mtaro na udongo unautupa upande wa juu, hayakuletwa na trekta. Ni mwethya. Alfajiri majembe begani, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anapika isyo, mahindi na maharagwe, sufuria kubwa. Miaka ya 1930 mabwana wa serikali ya kikoloni walikuwa wameshatuandikia talaka. Wakasema udongo wa Machakos unakwisha, nchi inageuka jangwa. Wakati huo Makueni ilikuwa bado ndani ya Machakos, haikukatwa kuwa wilaya mpaka 1992. Basi mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki wakatoa kitabu, More People, Less Erosion, kueleza kwamba watu waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya 1930 na 1990, na bado mmomonyoko ukapungua. Yaani watu walizidi, na udongo ukatulia! Ng'ambo kule Kitui nako, tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL na wanavijiji wamejenga mabwawa ya mchanga kwenye mito mikavu kwa mamia. Saruji ililetwa, sawa. Lakini mawe yalibebwa na nani? Jiwe halina paybill.

Sasa usije ukafikiri nasifia mambo ya kale. Aa, wapi! Mkamba amefanya kazi mbali na kwao tangu babu zetu, Nairobi, Mombasa, kwenye reli, jeshini. Mshahara ulikuja kwa bahasha mkononi mwa kondakta, na kondakta alikuwa na njaa zake. Au ulikuja mwisho wa mwezi na mwenyewe, pamoja na mkate na kilo mbili za sukari. Asipokuja mwenyewe, mama alikopa. Machi 2007 M-Pesa ilipoingia, yule mama wa Mutomo aliyekuwa akilala njaa siku nne akingoja basi alipona, na mtu yeyote anayembeza kwa hilo nampigia msonyo mrefu. Ila mtaona kitu. Mkate na sukari vilikuwa na mguu. Ili pesa ifike, mtoto alilazimika kufika. Tulipoipa pesa njia yake, mtoto akabaki bila safari.

Halafu corona ikatumalizia. Mwaka 2020 serikali ikasema mazishi yasizidi watu 15. Machi mwaka huohuo ada ya kutuma pesa mpaka shilingi 1,000 ikaondolewa. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini ziweke hizo amri mbili pamoja uone zilitufundisha nini: usije, na kutuma ni bure. Tukaanza kutazama maziko YouTube, kamera imewekwa kwenye mti, sauti ya mchungaji inakatikakatika pale pa maana. Corona ikaondoka. Ada ikarudi. Watu hawakurudi.

Fundi viatu hapo pembeni ananikatiza, na ana haki. Anasema binti yake yuko Riyadh, kazi ya nyumbani, mwaka wa pili, na mtoto wake analelewa na bibi huku Kathonzweni. Kila jioni video. Mama ndiye aliyeona kwamba kola ya sare imechanika kabla ya bibi kuiona. Mama ndiye anayefokea daftari la hesabu kutoka huko alikojifungia chooni mwa tajiri apate dakika kumi. Ananiuliza: na huyo naye utasema hayupo?

Nimenyamaza kidogo, maana hilo ni swali. Huyo yupo. Yupo kuliko baba wa mtoto, ambaye anakunywa hapa Wote na hata bando la kumpigia mwanawe hana. Kwa hiyo, fundi, nakubali, kilomita si hoja. Wa Riyadh simu yake ni mikono yake, hana mingine ya kutumia. Ninayemsonya ni wa mita mia mbili.

Na ajabu nyingine hii hapa. Pale Malili, humuhumu Makueni, serikali ilitenga ekari 5,000 za mji wa teknolojia, Konza, na Rais Kibaki akauzindua Januari 2013. Sawa, mitambo ipo. Lakini acha lami ukaingie ndani Kitui, njia ya Tseikuru, uone watu wanavyopanda jabali kutafuta mtandao. Wanakaa juu pale jioni, mmoja anaongea na Mombasa, wengine watano wanasikiliza bila aibu, mzee anaulizia bei ya ndengu, kijana anatongoza kwa sauti ya chini huku wote wakimcheka. Hiyo ni thome kabisa, baraza letu la jioni, kasoro moto! Mnara ukijengwa kesho kila mtu atapigia nyumbani kwake, na sitashangaa jabali likibaki la mbuzi. Mimi siombi mnara usijengwe. Mwenye mama mgonjwa usiku ndiye wa kuulizwa hilo, simi.

Basi chama chetu kidogo hapa, cha kuzikana na kusaidiana, tukasema tukomeshe uzembe. Tukaandika kwenye katiba: asiyefika mkutanoni, au asiyeshika jembe siku ya kazi, faini shilingi 200. Tukapiga makofi. Siku ya kwanza ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata hatujafika shambani, simu ya mhazini ikaanza kulia mfululizo. Jamaa saba walishalipa. Mmoja alituma 600, akaeleza kwamba ni ya leo na ya mara mbili zijazo.

Mhazini akamjibu kwenye grupu, na viganja viwili vya manjano: "Asante sana ndugu kwa kujitolea."