Shangazi Waya Anajibu: "Ruta Yangu Inanichunia"

Barua za wiki hii zina kilio kimoja. Mtandao haujafa, unakufa na kufufuka. Asubuhi upo, jioni haupo, fundi akifika umesharudi na wewe unaonekana mwongo. Shangazi amezisoma zote, amekunywa chai, na haya ndiyo majibu.

Mume akirudi, printa inapotea

*Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi za uhasibu nyumbani. Printa nimeiunganisha kwa kebo kwenye swichi na mchana kutwa inachapa vizuri. Mume wangu akirudi jioni tu, inapotea kwenye mtandao. Akisafiri, inachapa mpaka usiku. Mama mkwe ameanza kusema nyumba hii ina kitu. Nifanyeje?*
*Mama Risiti, Kimara*

Marahaba mwanangu. Mumeo hana jini, ana simu. Aliyekufungia printa aliiandikia anwani ya kudumu ndani ya printa yenyewe, tuseme 192.168.1.20, na ruta haikuambiwa kitu. Ruta nayo inagawa anwani kwa kila anayeingia, labda kuanzia 10 hadi 200, na kwa hesabu zake 20 haina mwenyewe. Simu ya mumeo ikishika Wi-Fi inapewa hiyo. Ruta nyingi humkumbuka mgeni wa jana na kumpa namba ileile, kwa hiyo mchezo unajirudia kila jioni.

Sasa kompyuta yako ikiuliza, "Nani mwenye 192.168.1.20?" wanaitikia wawili. Ikimwandika mwenye simu, ankara zako zinapelekwa kwenye simu, ambayo haina wino wala karatasi.

Hakikisha kwanza. Printa ikipotea, zima Wi-Fi ya simu ya mumeo na usubiri dakika chache. Ikirudi, mchawi umempata. Kisha iache printa iombe anwani kwa ruta kama vifaa vingine, halafu ingia kwenye mipangilio ya ruta uiwekee namba yake ya siku zote kwa kutumia anwani ya MAC, ambayo mara nyingi imebandikwa mgongoni mwa mashine. Au ipe namba iliyo nje ya zile zinazogawiwa, kama 5. Kamera na king'amuzi chochote kilichoandikiwa namba kwa mkono kifanyie vivyo hivyo. Kuhusu mama mkwe, safu hii haina mipangilio yake.

Ruta mbili, nyumba moja

*Shangazi, pokea salamu. Tuliwekewa faiba na ruta mpya. Ile kuukuu sikuitupa, niliichomeka sebuleni itumike kama swichi kwa kuwa ina poti nne. Tangu hapo vifaa vingine vinaingia mtandaoni, vingine vinaonyesha vimeunganishwa lakini havifungui chochote. Kesho yake vinabadilishana zamu.*
*Baba Poti Nne, Nakuru*

Baba, umeoa mke wa pili ukamwacha bibi mkubwa sebuleni ukidhani amestaafu. Hajastaafu. Kifaa kikiingia kwenye mtandao hupaza sauti kwa wote: "Naomba anwani!" Kazi ya kujibu inaitwa DHCP, na nyumbani kwako wanaoijibu ni wawili. Anayewahi ndiye anayesikilizwa. Akiwahi bibi mdogo, kifaa kinapewa anwani na kuonyeshwa lango la kutokea nje. Akiwahi bibi mkubwa, kifaa kinaambiwa kipitie kwake, naye siku hizi hana njia ya nje. Ndiyo maana kinadai kimeunganishwa. Kweli kimeunganishwa, ila na asiye na pa kukipeleka.

Chukua simu inayofanya kazi na nyingine iliyogoma, fungua maelezo ya mtandao kwenye zote mbili, ulinganishe mstari wa lango. Namba zikitofautiana, kesi imekwisha. Zikiwa sawa usifurahi bado, kwa sababu ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na huenda wake zako wanatumia jina moja.

Suluhu: chomoa ruta kuukuu kwenye mtandao, iunganishe na kompyuta peke yake, zima DHCP, kisha uipe anwani ya familia moja na ile mpya lakini isiyo ya mtu mwingine. Kebo inayotoka kwenye ruta mpya uichomeke kwenye poti ya LAN, si ile ya WAN. Hapo atakuwa swichi kweli.

Na ukiona kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254, elewa kwamba iliomba na hakuna aliyeijibu. Hapo acha kesi ya wake wenza, kagua kebo na swichi.

Taa zote zinapepesa, hakuna kinachopita

*Shikamoo Shangazi. Nina gesti ya vyumba 12, kila chumba kina tundu la kebo, na swichi tatu. Mara moja moja mtandao wa jengo zima unaganda, taa za swichi zinapepesa bila kupumzika. Baada ya siku mbili unapona wenyewe. Kampuni inasema kwao ni shwari.*
*Mama Gesti, Tanga*

Marahaba. Kampuni inasema kweli. Una kitanzi: mahali fulani kebo moja imechomekwa ncha zote mbili kwenye mtandao wako mwenyewe. Mhudumu anafagia, anakuta ncha inaning'inia, anaichomeka kwenye tundu la karibu kwa nia njema. Siku mbili baadaye mwenzake anaichomoa apitishe dekio, na mtandao "unapona".

Pakiti za IP hubeba hesabu inayopungua kila zinapopita kwenye ruta, na ikifika sifuri hutupwa. Fremu za Ethernet, ambazo ndizo kazi ya swichi, hazina hesabu hiyo. Tangazo moja likiingia kwenye kitanzi linazunguka na kunakiliwa kila poti mpaka halibaki hata pengo la kupitisha ujumbe wa mgeni.

Dawa ina umri wa kutosha. Mwaka 1985 mhandisi Radia Perlman, akiwa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alibuni utaratibu unaofupishwa STP: swichi zinazungumza zenyewe, zikiona njia ya ziada zinaifunga. Swichi nyingi za bei ya chini, zisizo na ukurasa wa mipangilio, hazina utaratibu huo. Ukinunua tena, uliza dukani kama inazuia kitanzi.

Leo hii, mtandao ukiganda, nenda kwenye swichi kuu uchomoe kebo moja, utazame taa, uirudishe, uende ya pili. Ile ambayo ukiichomoa taa zinatulia, ifuate mpaka mwisho wake. Usizichomoe zote kwa pamoja, utapona bila kujua ulichokuwa unaumwa.

Jua likiwaka, mapenzi yanapoa

*Shangazi, nimebadilisha ruta mara mbili. Swichi iko nyumba ya uani, kebo imepita juu ya bati. Saa za mchana inakatika na kurudi, na spidi imeshuka sana. Usiku iko sawa.*
*Kijana wa Uani, Mwanza*

Mwanangu, umeziacha ruta mbili na kosa ni la njia iliyo kati ya ruta na swichi. Spidi ya megabiti 1,000 inataka jozi zote nne za kebo, yaani nyaya nane. Spidi ya 100 inatosheka na jozi mbili. Waya mmoja ukilegea kwenye kichwa cha kebo, au ukitanuka kwa joto na kuachia, uhusiano unashuka kutoka 1,000 hadi 100, au unakatika na kuanza upya. Tazama taa ya poti: swichi nyingi hubadilisha rangi spidi ikishuka.

Angalia pia ulichouziwa. Ziko kebo za alumini iliyopakwa shaba, nyepesi na rahisi, zinazovunjika zikikunjwa. Kebo ya ndani ikianikwa juani ganda lake hupasuka. Na urefu usizidi mita 100.

Kwa siku moja, ishushe swichi uiweke kando ya ruta kwa kebo fupi mpya. Ikitulia mchana kutwa, ruta zako mbili zilionewa. Kati ya nyumba na nyumba ni bora upitishe faiba, kwa sababu kioo hakipitishi umeme na Mwanza radi mnaijua.

Kwa wote

Acheni tabia ya kuzima na kuwasha kabla ya kutazama. Inatuliza kwa muda na inafuta ushahidi. Kwanza tumieni ping, kiprogramu alichoandika Mike Muuss mwaka 1983 na ambacho kimo kwenye kompyuta nyingi. Anza na anwani ya ruta inayoleta intaneti. Isipojibu, tatizo liko ndani ya nyumba: kebo, swichi au anwani. Ikijibu, jaribu namba ya nje kama 8.8.8.8; ikikataa, sasa pigia kampuni. Namba ikijibu lakini jina la tovuti halifunguki, wa kulaumiwa ni DNS, anayegeuza majina kuwa namba. Kila mara andika saa, na nani alikuwa nyumbani.

Katika barua nne za leo, kampuni ya intaneti haikuwa na kosa hata moja. Mnaoniandikia wiki ijayo, leteni saa na majibu ya ping. Barua isiyo na hivyo nitaipeleka kwa Shangazi wa mapenzi.