Hasidi Sababu

Kaa jioni moja pale Misugusugu, malori ya Zambia na Kongo yanapojipanga, utamwona utingo akiruka chini na kipande cha chuma mkononi. Anazunguka gari lote, kichwa hadi mkia wa tela, akigonga tairi moja moja. Anagonga, anasikiliza, anasogea. Tairi lililoshiba upepo hukirudisha chuma kwa mlio mkavu. Lililopungukiwa hukimeza na kuguna. Lori lenye tela linaweza kufika tani 56, ambazo ndizo ukomo wa sheria ya Afrika Mashariki, na usalama wa tani zote hizo uko kwenye sikio la kijana ambaye hata chai hajanywa.

Sisi wenye vitela vidogo hatugongi kitu. Sisi tunapaka rangi.

Nazungumzia vile vya magurudumu mawili vinavyokokotwa na Noah au pikapu, ambavyo bila hivyo Kibaha nzima haioi, haiziki wala haimtoi mwali. Ulaya na Marekani watu wana matela ya kulala, yenye kitanda, jiko na choo, wanayavuta kwenda mapumzikoni. Ndani ya letu hulala viti vya plastiki, maturubai na mabomba yake, masufuria ya pilau, jenereta, na spika mbili ambazo moja haisemi. Mwenye mali ni dada yangu, anayekaa Tangini. Dereva ni mumewe, yaani shemeji yangu. Mimi ni mhesabu viti, cheo nilichopewa kwa sababu ndiye niliyesoma.

Fundi wa kuchomelea alilitengeneza kwa ekseli ya saluni moja iliyokwisha kufa, akalizungushia plaiwudi. Dada akataka rangi ya bluu. Shemeji akataka maua. Mchoraji akaletwa, akaandika ubavuni kwa herufi za njano zenye kivuli chekundu, HASIDI HANA SABABU, neno la katikati likakaa juu kabisa ya gurudumu. Baada ya rangi, maua na maneno, senti zilizobaki ndizo zilizonunua matairi.

Yalikuwa ya mtumba, na kwa macho hayakuwa na kasoro. Meno yote yalikuwapo. Ukitumbukiza sarafu inazama. Muuzaji akamwonyesha Shemeji tarakimu nne zilizochapwa pembeni: 0812. "Soma mwenyewe, mzee wangu. Tarehe nane mwezi wa kumi na mbili. Hata mwaka haijamaliza." Shemeji akasoma mwenyewe, akaridhika, akalipa.

Tarakimu zile si tarehe. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: wiki ya 8 ya mwaka 2012. Tairi lile lilitoka kiwandani Magufuli akiwa bado Waziri wa Ujenzi. Na meno yake mazima hayakuwa sifa, yalikuwa ushahidi. Gari la kila siku humaliza meno kabla mpira haujachoka, ukalibadilisha tairi bila kuulizwa. Tela halifi kwa kutembea, linafia kwenye maegesho. Linatoka Jumamosi kwenda harusini, linarudi Jumapili, wiki nzima limesimama chini ya mwarobaini, nusu kivulini nusu juani, uzito wote umekalia sehemu ile ile. Mpira unakauka, upepo unavuja taratibu usione, na pale ubavuni tairi linapojikunja zinajichora nyufa nyembamba. Watengenezaji wengi husema likipita miaka 5 au 6 likaguliwe kila mwaka, likifika 10 litupwe hata kama linang'aa. Letu lilikuwa linang'aa sana. Dada alikuwa amelipaka kiwi.

Basi tukapata kazi ya kumtoa mwali, Maneromango. Kwenye shughuli ya Wazaramo hupeleki viti pungufu: shangazi mmoja akikosa kiti, habari zako zitafika Kisiju kabla yako. Tukapakia viti 200 na kila kilichokuwamo stoo, Dada akaongeza majamvi juu. Ubavuni mwa tairi palikuwa na alama nyingine, 82T. Hiyo 82 maana yake tairi moja linabeba kilo 475 basi, tena likiwa limejazwa upepo sawasawa. Mawili ni kilo 950. Viti peke yake vilikaribia nusu tani, na mabomba ya turubai ni chuma. T ni mwendo, kilomita 190 kwa saa. Kati ya habari hizo mbili, Shemeji alikuwa ameipata ya pili tu, kijiweni, na aliishika. Hakuwahi kuufikia mwendo huo, ila alikanyaga mafuta kwa furaha ya mtu mwenye ruhusa. Aliyelifanya tairi la upepo lishike njia, John Boyd Dunlop, alikuwa daktari wa mifugo kule Belfast. Alimfungia mwanawe mpira wa upepo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ili mtoto asitikisike, akapata hataza mwaka 1888. Mtoto mmoja, baiskeli moja. Mambo ya viti 200 tumeyaongeza wenyewe.

Tukashuka Morogoro Road hadi Mbezi, tukakata Malamba Mawili na Kinyerezi, tukatokea Banana, Gongo la Mboto, Pugu, tukaupanda mlima hadi Kisarawe mjini. Hapo tukasimama. Dereva wa lori akisimama, kabla hajaagiza chai, huweka kiganja kwenye tairi. Tairi lenye upepo haba hujikunja kila linapozunguka, na mkunjo huo ndio unaoupika mpira kutoka ndani; ukikuta moja lina joto kuliko wenzake, umeshaambiwa. Kiganja kimoja kingetutosha. Vyetu vilikuwa vimeshika mihogo ya kukaanga.

Likapasukia Masaki. Sisi hatukusikia.

Hili watu hawaliamini mpaka liwakute. Tairi la mbele la gari likipasuka, usukani unakuvuta mkono. La tela linapasukia huko nyuma, gari linaendelea kuvuta, na kama ndani kuna taarabu ya dakika kumi na tano imefika kwenye vijembe, ndiyo kabisa. Bodaboda mmoja akatufuata akipiga honi na kutupungia. "Vijana wa huku wana dharau," Shemeji akasema, akaongeza mwendo. Bodaboda naye akaongeza. Abiria wake, mama mwenye kapu la ndizi, akawa anatunyooshea kidole ubavuni mwa tela, tena kwa ukali. Shemeji akamwangalia kwenye kioo akadhani anasoma maandishi.

"Umeona? Imemchoma."

Kupasuka kwenyewe ni bei ya tairi moja. Kilichotutia hasara ni zile mbio. Tabaka la juu la tairi, lenye nyaya za chuma ndani, likibanduka halidondoki lote; linabaki limeshikilia upande mmoja, na kila mzunguko linachapa kilicho juu yake. Gurudumu dogo la saluni, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, linazunguka mara tisa na zaidi kwa sekunde. Hesabu bakora hizo mpaka wimbo uishe. Madigadi ya bati jembamba ikaviringika, ikageuka kisu. Plaiwudi ikapasuka. Waya wa taa za nyuma, uliokuwa umepitishwa hapo hapo na kufungwa kwa ukanda wa tyubu, ukakatika. Nyuma ya plaiwudi lilikuwapo turubai kubwa jeupe, lile la wageni wa heshima, limekunjwa vizuri. Na kwa kuwa limekunjwa, pigo moja likazaa matundu kumi na mawili. Sufuria kubwa la pilau likapata kiuno.

Na HANA ikaondoka. Ubavuni, kwa herufi za njano zenye kivuli chekundu, palibaki HASIDI, kisha tundu, kisha SABABU.

Watu wakajaa, maana tairi likipasuka kijijini kila mtu ni fundi. Mmoja akaleta matawi mabichi, akayapanga barabarani kuonya magari, nikampenda. Bodaboda akasema upepo ulizidi, na wote wakamwunga mkono, ingawa mara nyingi kinachoua tairi lenye mzigo ni upepo kupungua. Kijana mwingine akaomba kile kipande kilichobanduka akachonge katambuga. Wenzake wakamcheka, wakamwonyesha nyaya zilizochomoza, kwamba atatoboa miguu ya wateja. Mzee mmoja, kanzu ameikunja hadi magotini, akasogea karibu, akalisoma tela taratibu, akatikisa kichwa.

"Si mmeandika wenyewe?"

Kutoka hapo hakuna aliyetaka kusikia habari za wiki ya 8.

Tairi la akiba hatukuwa nalo. Shemeji akampigia Dada atume pesa.

"Uko wapi?"

"Masaki."

Simu ikanyamaza. Kwa mtu aliye Tangini, Masaki ni ile ya Dar es Salaam, ya hoteli na upepo wa bahari.

"Viti vyangu viko Masaki vinafanya nini, baba watoto?"

"Masaki ya Kisarawe, mke wangu."

"Na nani?"

Nikapewa simu nitoe ushahidi. Nami sikuaminiwa, ndugu yake nikageuzwa mshirika. Mama wa ndizi alipochoka kusikiliza aliichukua simu, akamweleza Dada kwa Kizaramo cha haraka mahali tulipo, hali ya tela, na maoni yake kuhusu akili za wanaume waliomo. Pesa ikaingia kabla hajamaliza.

Maneromango tulifika jua likiwa utosini. Turubai likasimamishwa hivyo hivyo. Jua likapenya matundu yote kumi na mawili, na kila liliposogea mwangaza ukatembea, na mashangazi wakatembea wakiukimbia, kiti hadi kiti. Kufikia alasiri upande wa baba wa mwali ulikuwa umehamia wote kwenye viti vya upande wa mama, na maneno yakaanza. Mwenye shughuli, mtu mpole kabisa, alipiga hesabu ya malipo yetu huku akitazama juu. Alitukata kwa kila tundu. Tukirudi usiku trafiki akatusimamisha, taa za nyuma hazipo, faini elfu 30. Alimulika tochi ubavuni, akasoma, akatuandikia bila kuuliza zaidi.

Nyumbani ndipo lilipofanyika jambo la maana. Shemeji alitaka tubadilishe muuzaji, tufute na yale maandishi. Dada akasema wabadilishe wakitaka, lakini tairi lolote siku moja litapasuka, hata jipya, msumari haujui tarehe. Yeye anataka kujua likipasuka litachapa nini. Nilimwangalia upya dada yangu. Nimesoma mimi, lakini swali alilijua yeye.

Fundi akaitwa. Juu ya kila gurudumu akapinda bati la chuma la milimita 3, akalichomelea kwenye fremu yenyewe, si kwenye plaiwudi. Akaacha nafasi ya zaidi ya kiganja kati ya bati na tairi, kwa sababu tela likipakiwa springi zinashuka, na bati lililokaribia sana linalikwangua tairi zima mpaka nalo lipasuke. Waya wa taa ukahamishiwa upande wa ndani wa fremu, ndani ya bomba. Fundi, akiwa amepata moto, akapendekeza bati la milimita 6. Dada akamwuliza kama anatengeneza tela au kifaru. Bati la milimita 3 lina karibu kilo 24 kwa mita ya mraba; la 6 ni mara mbili yake, na kila kilo unayoongeza kujikinga na tairi inabebwa na tairi lile lile. Kwa hiyo spika isiyosema ikashushwa. Shemeji aliupinga uamuzi huo kwa uchungu, akidai siku moja itasema. Matairi yakanunuliwa mapya, ya magari ya mizigo, yenye herufi C, na la tatu likafungwa mbele ya tela kuwa akiba. Upepo sasa unapimwa alfajiri, tairi likiwa baridi, na anayepima ni Dada mwenyewe.

Msumari ulitupata Picha ya Ndege, tukielekea kwenye shughuli ya jioni, Dada amekaa mbele. Safari hii tulisikia. Tulisikia sisi na wakasikia Picha ya Ndege nzima, maana tairi linalochapa bati la chuma linatoa mdundo ambao hata taarabu haiufuniki, na nyuma yetu ulikuwa msafara wa harusi, pikapu imejaa matarumbeta. Mpiga ngoma akausikia, akadhani tumewaanzishia, akaudaka. Matarumbeta yakafuata. Shemeji alipoegesha pembeni, nao wakaegesha. Wakashuka wakipiga, wapambe wakashuka wakicheza, tela likazungukwa. Shemeji akawa anatafuta jeki katikati ya vigelegele. Dada alipitisha mkono juu ya bati, akakuta limebonyea kidogo. Waya upo, turubai zima, viti vimetulia.

Mkubwa wa matarumbeta akaja akijifuta mdomo, akainama kwa adabu mbele ya Shemeji, kiganja wazi. Wamepiga nyimbo tatu, watunzwe. Shemeji akamwangalia Dada. Dada alikuwa ameshawapita wote wawili, anamwendea mama mmoja mwenye kitenge kilichofanana na cha wapambe na daftari mkononi.

"Hongereni, mama yangu. Ukumbini viti vinatosha?"

Viti vilitosha. Sufuria la pilau ndilo lililopungua. Dada akageuka akamwambia mkubwa wa matarumbeta aendelee kupiga, atamtunza akishalipwa, na akamwambia Shemeji akaze nati haraka.