Kifua Mbele

Wataalamu wa Marekani walitangaza mwaka 2010: weka miguu mezani, mikono kisogoni, na baada ya dakika chache utajiona mkubwa, hata homoni zitakubali. Mwaka 2015 wengine wakarudia jaribio kwa watu wengi zaidi: kujiona kukabaki, homoni hazikuwa na habari.

Wangetuuliza sisi wa Muyinga, Burundi. Bwana anayeingia ofisini mabega chini, mkono wa kushoto ukishikilia kiwiko cha kulia akimpa mkubwa heshima, jioni anafika kwake kifua mbele kama jogoo aliyeamsha jua. Cheo ni kilekile, mlango ndio mwingine.

Panda basi uende Gishora, karibu na Gitega, uone ngoma za kifalme zinavyochezwa, sanaa iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2014. Mpigaji anaruka raia, anatua mfalme. Lakini amri ya rais ya mwaka 2017 ilisema kupiga ngoma hizo ni kazi ya wanaume. Mama anayebeba ndoo kichwani, shingo wima, asimwage tone, mikwiro miwili haimhusu.

Inaelekea waliotunga amri waliwaamini wataalamu wa 2010 kuliko homoni zenyewe.