Karakana ya Uani

Mzee wetu mmoja wa Kariakoo amevunja jiko la uani ajenge karakana. Ramani anayo, tofali za inchi sita anazo, mashine ya kuchomelea anayo. Kibali ndicho "kinafuatiliwa". Akichomelea, mtaa mzima tunajua: taa zinasinzia, feni zinapumzika.

Marehemu Beda Amuli, alipolichora Soko la Kariakoo lililofunguliwa 1975, alikumbuka hata soko la shimoni. Mzee wetu kasahau mlango wa gari. Korido ya nyumba ya vyumba sita hupitisha kitanda, tena kwa ubavu. Basi gari linatengenezewa barabarani, na fundi kutoka Gerezani, kwa spana zake mwenyewe.

Karakana? Imeshapangishwa, stoo ya mitumba, kodi ya miezi sita mkononi.