Fadhila za Mshazari wa Nyuma

Njia ya faili katika programu ya Java huandikwa kwa mkono, kwa ukamilifu, kuanzia herufi C na nukta pacha yake. Ndivyo wafanyavyo waandishi wenye imani thabiti kwamba dunia nzima inatumia Windows. Mshazari wa nyuma (\), unaotenganisha folda katika njia hiyo, uliingia MS-DOS 2.0 mwaka 1983 kwa kuwa ule wa mbele ulikwisha kupewa kazi nyingine, ya kubeba swichi za amri. Urithi kama huo hautupwi, kama mjukuu asivyovua kanzu ya babu hata ikimburuza. Java, kwa heshima, hudai uandikwe mara mbili. Ukiwa mmoja kabla ya neno temp, herufi t hugeuka tabo, na faili hupata faragha ambayo hata mwenye nalo haivunji.

Matunda huiva programu ikihamia Linux. Huko mshazari wa nyuma ni herufi halali ya jina, hivyo folda tatu na faili linaloandikwa humo huungana kuwa faili moja, lenye jina refu kama la sultani. Hakuna kosa linalotangazwa. Adabu ya hali ya juu. Ripoti.txt na ripoti.txt, zilizoishi kama mtu mmoja kwenye Windows, nazo hupata uhuru wa kutojuana.

Wapo wanaotumia Paths.get ya Java 7, au Path.of iliyokuja na Java 11 mwaka 2018, wakitaja majina ya folda tu na kuiachia Java ichague mshazari. Maskini hawa hulala usiku kucha, wala hapana anayewakumbuka kwa simu.