Bichwa Apata Sifa Ujapani

Mama, Mjomba na wote wa hapo Kihonda Maghorofani,

Jana bibi mmoja muuza mboga alinikazia macho, akajishika mashavu, akasema: "Kao ga chiisai!" Eti nina uso mdogo. Huku hiyo ni sifa, tena wasichana wanaililia. Mimi, ambaye mtaani mliniita Bichwa, na kofia ya mahafali pale SUA ilinikaa utosini kama kifuniko cha chupa! Nikainama kushukuru, nikaondoka haraka kabla hajavaa miwani.

Shangazi akija kunitembelea, ile salamu yake ya "Heee, umenenepa!" aiache stendi ya Msamvu. Kwetu anayeambiwa hivyo hulegeza mkanda akacheka. Huku ukimwambia mtu "futotta", atatabasamu vizuri tu, na kwake hutaalikwa tena.

Halafu kuna hili la kuitana. Kamusi inasema "wewe" ni "anata". Thubutu umwambie hivyo mkubwa wako! Mke ndiye humwita mumewe hivyo. Sisi wengine tunataja jina na "san" nyuma yake. "Fulani-san atakunywa chai?" na Fulani mwenyewe ndiye unayemtazama usoni. Wewe usijipachike "san" hata ukijipenda vipi. Mwalimu ni "sensei", daktari sensei, wakili sensei, na mbunge naye hajaachwa.

Hayo nimeyameza. Kilichonikaa kooni ni simu ya ofisini. Bosi wetu tunamwinamia, na cheo chake hatukitaji mpaka tumerekebisha sauti. Simu ikilia, mteja akamuulizia, karani yule yule anayetetemeka mbele yake anavua cheo, anavua "san", anamtaja jina tupu, kavu, kama anamtaja mdeni. Bosi yuko pale pale, anasikia, anatikisa kichwa: vizuri! Kumbe mbele ya mtu wa nje bosi ni wa nyumbani, na cha nyumbani hakitukuzwi. Ndiyo maana mama yangu mimi ni "haha", ila mama wa mwenzangu ni "okaasan" na heshima zake zote. Mama, usinune, nimekutaja haha mbele za watu na nimesifiwa adabu. Jaribuni hapo ofisi ya kata: mgeni aje, karani amtaje Mheshimiwa kwa jina la utotoni. Mnirekodie.

Ila yule bibi, kabla ya habari za uso, aliniita "oniisan", kaka. Mjapani hajui ukoo wangu, na kaniita kaka kama niko Soko Kuu nachagua magimbi. Macho yakaniwasha, nikasingizia vitunguu. Shikamoo huku hakuna. Marahaba yangu imeota kutu.

Mjomba, habari yako nimeiweka mwisho makusudi. Yule dada anayeongea ukiwasha gari la Noah, mliyetaka kumwitia shehe, si jini. Ni mashine ya kulipia barabara kuu za huku, na anasema kwa adabu zote kwamba kadi haijaingizwa. Tangu gari lishuke bandarini anaiomba kila asubuhi, hajapandisha sauti hata siku moja, nanyi mnamwongezea muziki. Mchomekeeni hata kitambulisho cha NIDA, apumzike.

Wenu,
Bichwa-bila-san