Vyumba Vitupu Vina Wenyewe

Ndugu yangu uliyejenga kubwa ukiwa na nguvu, sogea tulie pamoja. Nyumba yangu iko Karatu, upande unaopanda kuelekea msitu wa Ngorongoro. Ina vyumba saba vya kulala, na wanaolala humo ni mimi, mke wangu Mama Safari, mama yake mzazi, na paka ambaye hana chumba maalumu kwa sababu vyote ni vyake. Watoto wametawanyika. Safari yuko Mwanza, Paskalina yuko Dodoma kwa mumewe, na mapacha wako Arusha wanatafuta maisha. Kila mwisho wa mwezi maisha hayo nayo yananitafuta mimi kwa simu. Kitinda mimba, ambaye nyumbani tunamwita Bwana Mrithi, yuko chuo Morogoro.

Baridi ya Karatu mwezi wa saba unaijua? Ukungu unashuka kutoka ukingo wa kreta, kule juu zaidi ya mita 2,000, unaingia mjini bila hodi. Nyumba yenye vyumba saba, vingi visivyo na pumzi ya mtu, inageuka friji lenye bati. Kiangazi kikikaza, zamu ni ya vumbi jekundu, na Mama Safari si mtu wa kufuta chumba kimoja akaacha kingine. Anafuta vyote. Mimi nabeba ndoo.

Wazo la kupunguza nyumba nililiokota Ngoitokitok, ndani ya kreta. Nilikuwa dereva wa watalii. Maisha yangu yameishia kwenye usukani, kushuka kreta kwa njia ya Seneto na kupanda kwa ya Lerai, na magoti yangu yanakumbuka kila jiwe. Pale Ngoitokitok ndipo watu hula chakula cha mchana kando ya bwawa la viboko, na ndipo mwewe hula chakula cha mchana cha watu. Siku hiyo nilikuwa na mzee wa Kiholanzi na mkewe. Yule bibi akanieleza kwamba watoto wao walipoondoka waliuza nyumba, wakahamia ya vyumba viwili, na pesa iliyokuwa ikiteketea kupasha joto vyumba vitupu ndiyo iliyowaleta kuona faru. Nikaduwaa mdomo wazi. Katika kuduwaa huko mwewe akapita na paja langu la kuku. Nikarudi nyumbani na njaa, na wazo.

Nilimkuta Mama Safari uani anapepeta ngwara, zile za jamii ya maharage, mama yake pembeni anachambua. Nikavuta kigoda, nikasema kwa sauti ya mtu aliyetafakari njia nzima: “Mke wangu, umri umefika. Nataka nyumba ndogo.”

Ungo ukasimama hewani. Mama mkwe, ambaye wajukuu wanamwita Mkaguzi Mkuu kwa kuwa haamini kitu mpaka akishike, ni mzito wa kusikia ukimwomba akusogezee kiti, lakini neno lile alilisikia bila kurudiwa. Kabla jua halijazama Paskalina alikuwa kwenye simu kutoka Dodoma analia, na mwenyekiti wa jumuiya yetu alikuwa amepita “kuwajulia hali tu”, na Biblia kwapani.

Nilipofaulu kuwaeleza kwamba ninayoitaka ina matofali na madirisha, hasira ikapoa. Ukaanza mjadala wa lini, na huo ndio usioisha. Kabla ya Krismasi haiwezekani, kwa sababu watoto wote wanakuja. Januari ni ada. Halafu Pasaka, na kipaimara cha mjukuu. Ngwara ikivunwa tunahitaji stoo, na stoo yetu ni chumba cha Safari. Pacha mkubwa naye anachumbia. Utaanzaje kuuza nyumba wakati mahari inajadiliwa? Wakweze waone tumefilisika?

Nikajaribu kuhesabu vyumba vitupu, sikupata hata kimoja. Cha Paskalina kina godoro alilopewa kwenye harusi, bado limevaa nailoni. Cha mapacha kina mstari wa chaki sakafuni, huku Simba na kule Yanga, na mama yao anadeki kwa kuuzunguka. Mtu hayupo lakini chumba ni chake, na ukiweka hata ndoo humo unaambiwa “toa, huyo akija atalala wapi?” Anakuja mara moja kwa mwaka, na akija analala kwenye sofa na simu kifuani.

Nikaleta dalali kimyakimya. Tangu lami ya kutoka Makuyuni ifike lango la Ngorongoro pale Lodoare, miaka ya 2000 mwanzoni, kila mwenye uwanja mpana Karatu anaota vitanda vya wageni, na dalali aliuangalia uwanja wangu kwa jicho hilohilo. Akapima kwa hatua, akatingisha kichwa, akauliza: “Na mama ameridhia?”

Mama akajibu mwenyewe kutoka jikoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59: nyumba ya familia haiuzwi, haiwekwi rehani, haipangishwi wala haitolewi zawadi bila ridhaa ya mwenzi. Alikipata kwenye semina ya kikundi chao cha kuweka na kukopa, akakihifadhi miaka yote hiyo akinisubiri. Dalali alikunywa chai, akaaga kwa heshima, akamwachia namba yeye.

Hata hivyo Mama Safari ana huruma. Akakubali tufanye majaribio: tuhamie vyumba viwili vya nyuma, tufunge vingine, tuone. Kaka yake akaitwa kusaidia. Huyu ni fundi, tunamwita Shemeji Lenta kwa sababu kila nyumba anayoigusa husimama kwenye lenta. Kazi ya kwanza ilikuwa kabati letu la nguo, na kabati hilo fundi seremala alilitengenezea humohumo chumbani. Tulilisukuma mlangoni kwa kung’oa fremu. Tukalifikisha kwenye korido. Kwenye kona likakaa, halikwenda mbele wala halikurudi, na Mkaguzi Mkuu alikuwa upande wa chumbani.

Ugali wake alipokelea dirishani, kati ya nondo. Na kwa kuwa alikuwa na nafasi na sisi hatukuwa na pa kwenda, akatuhutubia kupitia mgongo wa kabati.

“Baba Safari, nyumba ndogo unaijua wewe? Mimi nimezaliwa Mbulu, kwenye nyumba ya kale.” Akaieleza: Wairaqw walichimba mteremko wa kilima, wakaezeka kwa miti na udongo mpaka paa likalingana na ardhi, ili Wamasai wakija kusaka ng’ombe wasione kitu. Watu, ndama, mbuzi, moshi, wote humo. “Tumetoka humo kwa jasho. Leo mkwe wangu analilia kurudi. Tena nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba. Umemuuliza?”

Bwana Mrithi alipopigiwa alijibu kwa upole mno: “Baba, uza tu. Ila mimi nitakaa wapi?”

Shemeji Lenta alilikata kabati kwa msumeno. Jioni hiyo Mama Safari akatoa hukumu: nyumba kubwa haiuzwi, ila tutajenga nyingine nyuma yake, ya wazee wawili, sebule na chumba. Nilikubali haraka kabla hajabadili. Kesho yake shemeji akavuta kamba, mke wangu akafuata nyuma akisogeza vigingi. Sebule ikaonekana finyu kwa wageni wa Krismasi. Mama yake naye anahitaji chumba, na Paskalina akija na watoto je? Ngwara je?

Msingi umekamilika wiki iliyopita. Una vyumba vitano. Mkaguzi Mkuu ameshachagua chake, kile cha jua la asubuhi, na ameweka kiti ndani ya msingi mtu asije akakichukua. Mimi nimeambiwa ningoje nione kitakachobaki, na katikati ya kungoja nikanunue saruji.